Nilivyokuwa Mdomo wa Kipara wa Uskoti

Upendo na Baraka, wadogo zangu, nimestaafu. Najua mtacheka, maana nina miaka kumi na saba na sijawahi kulipwa hata soda. Lakini kazi ni kazi, na hii yangu iliniachia koo bovu, aibu moja kubwa na jirani mmoja. Mwezi wa sita bibi yetu wa upande wa Mama anakuja kutoka Singida. Mimi mchana kutwa nitakuwa Roseville, kwenye lile duka la viatu walilokubali kunichukua. Ninyi mtakaa naye kwenye sofa ya kahawia, televisheni itawaka, naye atawageukia aulize, "Anasema nini?" Hapo mjue mmeajiriwa.

Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Mnakielewa, mnajifanya tu. Mtu akiita "njooni mle" hamjawahi kupotea njia.

Kwanza, mahali pa kukaa. Kwa Bibi Korogwe, mama yake Baba, nilikaa kushoto, kwa sababu sikio lake la kulia lilikufa zamani kwa homa. Huyo wa Singida sijui sikio lake zima ni lipi, mjaribuni mapema kwa kunong'ona kitu kuhusu nyama. Pili, msicheke kabla hamjatafsiri. Mimi nilicheka mara moja, na Bibi akanitazama kama mtu aliyekula peke yake gizani. Tatu, msimpe nafasi ya kuuliza "halafu?" wakati hata wewe hujui halafu.

Mimi mara nyingi sikujua. Kipindi kilikuwa cha vichekesho, kinatoka Uskoti, na kile kituo kisicho na matangazo ya biashara kilikirusha kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Kilihusu mtaa wa nyumba zinazofanana nje ya mji, kila moja na bustani yake kama kitambaa cha meza, na majirani wasiojua shughuli zao zinaishia wapi. Mnajua mimi darasani huwa sinyooshi mkono hata kama jibu nimeandikiwa kiganjani. Sasa nikapewa Kiingereza cha Waskoti, ambacho ni kama mtu anasukutua mdomo huku anakimbia. Nilishika theluthi moja. Theluthi ya pili niliisoma kwenye nyuso. Ya tatu niliitunga.

Wahusika wakuu walikuwa wawili, na majina tuliwapa sisi. Kipara alikuwa mzee mwenye fulana ya sufu, hataki chochote duniani ila chai yake na ukimya. Mama Bakuli alikuwa jirani yake. Kila wiki aliingia kwa mlango wa jikoni, bila kubisha, na bakuli tupu mkononi, ati kuomba sukari. Akishaingia anafunua sufuria, anaonja, anasoma barua za Kipara, anamwambia pazia lake limekaa vibaya. Kipara anavimba, anakuwa mwekundu, ananguruma, ananyoosha kidole mlangoni. Na watu wasioonekana wanacheka.

"Hao wanaocheka wamekaa wapi?" Bibi aliuliza siku ya kwanza. "Mbona hawapewi viti?"

"Wako nje, Bibi."

"Kwenye baridi? Haya. Na huyu Kipara, anasema nini?"

Sasa sikilizeni, maana kosa langu lote lilizaliwa hapo. Nilikuwa nimemsikia Kipara vizuri kabisa. Alisema, "Toka jikoni kwangu, wewe kunguru uliyevaa koti!" Lakini nitamwambiaje Bibi maneno hayo? Mimi hata neno "mjinga" sijawahi kulitamka mbele yake. Mdomo ulifunguka ukakataa. Nikaona haya hadi masikio yakawaka moto, nikasema:

"Anasema... karibu tena."

"Kwa sauti hiyo?"

"Kwao kuna upepo mwingi, Bibi. Wamezoea kupaza."

"Na kidole je?"

"Anamwonyesha mlango, ajue uko wazi kwake siku zote."

Bibi akatikisa kichwa taratibu. "Watu wa ajabu," akasema, "lakini wana ukarimu."

Uongo wa kazini ni kama mtoto wa paka, ukimlisha siku moja amehamia. Tangu hapo, kila Jumamosi Kipara alipofukuza, mimi nilikaribisha. Alipomwambia Mama Bakuli kwamba pua yake ni ndefu kuliko foleni ya posta, nikasema anamsifia kwa kuja. Alipomrushia soksi, nikasema ni zawadi.

Nilijaribu njia za kisasa. Baba alipoleta ile mashine ya kurekodi kanda, nilidhani nimeokoka, kwamba nitasimamisha picha, nifikirie, niendelee. Nikabonyeza, Kipara akaganda mdomo wazi, jicho moja limefumba.

"Umemfanya nini mzee wa watu?" Bibi akapiga kelele. "Mwachie amalize!"

"Nimemsimamisha tu, Bibi, nifikirie."

"Unamkatiza mtu mzima akiwa anaongea? Ndiyo mnayofundishwa shule? Mwachie!"

Nikamwachia. Mashine ikarudi kurekodi mpira wa Baba.

Mwalimu nilikuwa naye pia, ila sikumsikiliza. Mnamjua Mama Wambui wa Champlin, yule nesi Mkenya rafiki yake Mama, anayefika hapa akilalamika amekosa mahali pa ku-park wakati barabara nzima ni tupu. Kazini kwao akija mgonjwa wa Kiswahili wanamwita yeye awe mkalimani. Jumapili moja alinikuta jikoni nikikuna nazi, akanipa somo lote kwa pumzi moja.

"Wee msichana, sikiza. Ukiwa una-translate, wewe ni paipu tu. Usiongeze, usipunguze. Maji machafu yakipita, hiyo si kosa ya paipu."

"Na kama ni matusi?"

"Pitisha matusi!"

"Mbele ya bibi yako?"

Akacheka hadi akashika meza. "Aki wewe. Hata mbele ya askofu."

Maneno ya dhahabu, nami nikayaweka pamoja na nazi. Mimi nilikuwa bomba lenye chujio. Kila kilichopita kwangu kilitoka kitamu.

Kuna jambo ninyi hamkulijua, maana mlikuwa chumba cha chini mkipigana kwenye michezo yenu ya televisheni. Bibi alitaka kurudi Korogwe. Alifika hapa Minnesota mwezi wa kumi na moja, na hadi Krismasi alikuwa hajasalimiwa na mtu yeyote wa mtaa huu. Asubuhi Baba na Mama kazini, sisi shule, yeye dirishani na kanga zake mbili na sweta la Baba juu yake. "Mji wote huu wa Crystal nimeutazama," aliniambia. "Nyumba zimefungwa kama maduka siku ya msiba. Mtu anatoka, anaingia kwenye gari, mlango unajifunga wenyewe. Nikifa hapa mchana, nani atajua?" Baba akamwomba avumilie. Walikubaliana: baridi ikiisha naye bado hana raha, atakatiwa tiketi. Mnakumbuka jinsi anavyoniita "mke mwenzangu", anavyonitania kwamba nimemwibia Babu. Sikutaka aondoke. Nyumba hii haina mtu mwingine anayeongea nami bila kuniambia niongeze sauti.

Jumamosi moja, kipindi kilipoisha, akauliza swali ambalo ningelijibu vizuri tusingefika tulikofika.

"Mke mwenzangu, hawa wazungu wa hapa na wale wa Uskoti, ni ndugu?"

"Lugha moja, Bibi," nikasema, huku natafuta rimoti.

"Mmh," akasema. "Basi kosa ni langu. Mimi nimekaa ndani nasubiri wageni, kumbe kwao mgeni ndiye anayeingia tu."

Jumatatu nilirudi shule nikamkuta anang'aa kama sahani iliyosuguliwa kwa majivu.

"Nimekwenda kwa jirani!"

Jirani ni Mama Lindquist, mnamfahamu sasa, lakini wakati ule tulimjua kwa koleo lake la theluji tu. Mjane, aliendesha basi la shule miaka mingi, anaishi peke yake upande wa gereji yetu.

"Ulikwenda vipi, Bibi?"

"Kama ulivyonifundisha. Nimechukua maandazi, nimepita mlango wa jikoni, nimeingia. Alikuwa anaosha nywele kwenye sinki. Mwanangu, nimekaribishwa! Amenipigia kelele hadi mishipa ya shingo imemtoka! Na kidole hiki hapa, mlangoni!" Akanionyesha. "Hata yule Mama Bakuli hajawahi kukaribishwa hivyo."

Nikaenda bafuni nikakaa ukingoni mwa beseni la kuogea. Nilitaka kumwambia, mnisadiki. Lakini tangu afike sikuwa nimemwona akicheka namna ile, na jioni ile, Baba alipotaja tiketi, akamkata: "Hebu niache kwanza na tiketi zako, nina watu wa kuwaona."

Kwa hiyo nikanyamaza. Jumatano akaenda tena, akafunua sufuria ya Mama Lindquist, akaonja, akaongeza chumvi. Siku hiyo mwenyewe hakupiga kelele, alisimama tu ameshika mwiko. Bibi alirudi kidogo amenyong'onyea. "Leo hakunikaribisha sana," akasema. "Labda anaumwa." Ijumaa akaenda kumwangalia kama anaumwa. Wiki iliyofuata alikwenda mara tatu.

Ijumaa ya wiki ile ya pili nikakuta karatasi imebandikwa mlangoni kwetu, mwandiko wa kuinama, wa adabu. Iliomba mtu mzima wa nyumba hii aende kesho, Jumamosi mchana, wazungumze kuhusu yule mama. Mwisho ilisema hapendi kuita polisi, ila hajui afanye nini tena.

Niliisoma mara nne. Ikifika kwa Baba, Bibi anaondoka kwa aibu. Ikipuuzwa, anaondoka kwenye gari lenye taa za rangi. Na nikisema ukweli, Bibi atajua kwamba majira yote ya baridi mdomo aliouamini ulikuwa wa mwongo, na nyumba pekee anayoitembelea Marekani nzima haikuwahi kumkaribisha. Nikaikunja nikaitia kwenye kiatu. "Mtu mzima", karatasi ilisema. Nikajitazama kwenye kioo, nikajipandisha cheo.

Jumamosi mchana Baba na Mama walikuwa kazini. Nikamwambia Bibi twende wote. Akafurahi, akakaanga maandazi upya. Baridi ya siku ile, ungetema mate yangefika chini yakiwa kokoto. Kwenye mlango wa jikoni wa Mama Lindquist nikamshika mkono.

"Bibi, tubishe hodi."

"Hodi ya nini? Umesahau desturi zao?" Akasukuma mlango, akaingia.

Mama Lindquist alikuwa amekaa mezani, mikono imefumbatana, tayari kwa kikao. Akanitazama mimi, halafu nyuma yangu, akitafuta mtu mzima.

"Ni mimi," nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo hata paka asingeisikia.

Akashusha pumzi. Akaanza polepole, kama watu wa hapa wanavyoanza, kwa kusifia. "Mwambie bibi yako mikate yake ni mizuri. Nimeila yote. Lakini hawezi kuwa anaingia tu nyumbani kwangu. Jumanne nilikuwa ndani ya beseni naoga. Ameingia akanisugua mgongo." Akajipapasa bega. "Amesugua vizuri, siwezi kusema uongo. Lakini sikumwita."

"Anasema nini?" Bibi akauliza, uso umejaa matumaini.

Chujio likawa tayari. "Anasema kar—" nikaanza.  Nikamkumbuka Mama Wambui na paipu yake. Nikafumba macho nikayapitisha yote, sikuongeza, sikupunguza: mikate, kuingia, beseni, mgongo, "sikumwita". Nikamwambia na ya karatasi, na neno polisi.

Bibi akaweka sahani mezani. 

"Siku ile ya kwanza," akasema, "zile kelele."

"Alikuwa anakufukuza, Bibi."

"Na Kipara?"

"Naye alikuwa anafukuza."

"Kila Jumamosi?"

"Kila Jumamosi. Niliona haya, Bibi. Yale maneno siwezi kuyasema mbele yako."

"Maneno gani?"

"Siwezi."

"Yaseme, mke mwenzangu, kabla sijakupa talaka kwa niaba ya Babu yako!"

Nikatazama sakafu. "Anamwita... kunguru aliyevaa koti."

Akanigeuzia sikio zima.

"Na mengine?"

"Kwamba pua yake ni ndefu kuliko foleni ya posta."

Mabega ya Bibi yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. "Foleni ya posta!" akasema, machozi yanamtoka. "Miezi yote hii unaninywesha 'karibu tena, karibu tena' kama uji wa mgonjwa, kumbe mle ndani kulikuwa na pilipili! Umeninyima, wewe mtoto! Umeninyima!"

Halafu kicheko kikakatika, kwa ghafla, kama kilivyokuja. Akavuta kanga akafunika uso. "Mimi," akasema kutoka ndani ya kanga, "niliyelelewa nikalelewa. Nimeingia jiko la mtu bila hodi, kama kuku. Unajua nilivyokuwa naumia kuingia vile? Kila siku nilikuwa najikaza mlangoni, najiambia, ni desturi yao, usiwadharau." Akaishusha. Nilidhani anakwenda nyumbani. Akatoka, akafunga mlango, na pale nje, kwenye theluji, tukamsikia:

"Hodi!"

"Anafanya nini?" Mama Lindquist akaniuliza.

"Anaomba ruhusa ya kuingia."

"Si alikuwa ndani sasa hivi?"

"Anaanza upya. Toka mwanzo."

"Basi mfungulie, ataganda."

"Si mimi. Lazima ajibiwe na mwenye nyumba."

"Hodi!"

"Hiyo ni ya pili," nikasema haraka. Sijawahi kuongea haraka vile maishani. "Zinapigwa tatu. Ya tatu isipojibiwa, mtu anaondoka, na hatarudi."

Nilipomaliza kusema nikaona nilichofanya. Mama huyu aliomba jambo moja tu, Bibi asirudi, nami nimemkabidhi ufunguo mkononi. Anyamaze tu, basi. Yamekwisha, bila polisi, bila mtu kukosewa adabu. Naye alijua, nilimwona anajua. Akatazama mlango. Akatazama sufuria yake juu ya jiko, iliyofunikwa vizuri, bila mtu wa kuifunua. Akatazama sahani ya maandazi inayotoa mvuke. Meza ile ilikuwa na viti vinne, na vitatu vilikuwa vimebebeshwa magazeti.

"Hodi," ikaja ya tatu, ndogo.

"Neno ni lipi?" akasema.

"Karibu."

Akalisema, kama anayemeza kidonge bila maji. Nje hakuna jibu. Likanijia: sikio la kulia! Mlango ulikuwa upande wa sikio lililokufa. Kupitia kioo nikaiona kanga ya Bibi inageuka, inashuka ngazi.

"Hajasikia!" nikapiga kelele.

Mama Lindquist akaruka, magazeti yakamwagika, akaufungua ule mlango kwa nguvu, akasimama kizingitini na soksi zake, mkono mmoja umenyooka unaonyesha ndani ya nyumba, akanguruma hadi mishipa ya shingo ikamtoka:

"KARIBU!"

Bibi akageuka. Akamtazama kuanzia soksi hadi shingo. Kisha akanitazama mimi.

"Ulisema kweli kidogo," akasema. "Wanapiga kelele."

Chai ya siku ile ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe, na Bibi alikunywa vikombe vitatu. Karatasi ya mlangoni nilimpa Baba mwenyewe jioni, ikiwa inanuka kiatu. Alinisema nusu saa. Alipomaliza akaenda kumuuliza Bibi kuhusu tiketi, Bibi akamwambia yeye hajui habari ya tiketi, yeye ana mgeni Jumamosi ijayo na mazulia hayajakung'utwa.

Hiyo Jumamosi ijayo ndipo nilipostaafu. Mliiona kwa macho yenu, ila hamkujua mnatazama nini. Saa kumi na mbili kasorobo mlango ukagongwa, na sauti ya Kiminnesota ikasema "Hodi". Bibi akamwacha aseme zote tatu, kwa raha tu. Wakakaa sofani, Mama Lindquist kushoto, kwenye kiti changu cha kazi. Kipara akaanza kunguruma. Nikainama kutoka nyuma nikamuuliza Mama Lindquist kwa Kiingereza, maana nilikuwa sijashika vizuri: amesema nini?

"Mpenzi," akanijibu, "sielewi hata neno moja. Nakitazama miaka mitatu."

Bibi akanipungia mkono niondoke, nazuia taa. Kipara akanyoosha kidole, wakacheka pamoja, na Bibi akaanza kumtafsiria mwenzake, kwa Kiswahili, kwa kirefu, na pilipili zote. Mama Lindquist akawa anaitikia kwa kichwa.

Kilipoisha, mgeni akavaa koti. Bibi akasimama katikati ya sebule, akavimba, akanyoosha mkono mlangoni, akanguruma kitu ambacho hakikuwa Kiswahili wala Kizigua wala Kiskoti. Mama Lindquist naye akamngurumia, akamnyooshea kidole, akatoka anacheka.

Wewe Baraka ukanivuta shati. "What did she say?" ukaniuliza.

Ilikuwa tafsiri yangu ya mwisho, nami nikaipitisha kama ilivyo, sikuongeza, sikupunguza.

"Amesema karibu tena."